Kwa Nini Baba Aliacha Point Mort

Jumanne. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, na sasa hivi, saa mbili usiku, bado matone yanaanguka kwenye mabati. Umeme ulikatika asubuhi, cherehani yangu ikalala, na kwa sababu hiyo tu leo nimejua jambo ambalo daftari langu limekuwa likinieleza kwa wiki tano.

Wanaonisoma hapa mara kwa mara wanalijua hilo daftari. Kwa mgeni: nina kigari cheupe cha gia ya mkono, injini yake ndogo. Kila nikijaza tangi naandika kilomita na lita, kisha nagawanya. Karatasi tuliyopewa siku ya kukinunua ilisema kitakwenda kilomita ishirini kwa lita moja. Labda katika nchi isiyo na vilima. Hapa kwetu, kutoka Mbugangari kupanda hadi Busasamana na kurudi, sare za shule zikiwa zimejaa nyuma, baba yangu alikuwa anapata kumi na sita. Mimi napata kumi na tatu.

Sare nashona mimi, baba ndiye anayezipeleka. Aliendesha teksi katika mji huu tangu sijazaliwa. Kila asubuhi anampeleka pia binti yangu Salha shuleni, maana baba yake Salha anafanya kazi Kigali. Nikilalamika kuhusu mafuta hunijibu kwa Kiswahili chake cha hapa mjini, si hiki changu cha Bukoba nilikokulia kwa shangazi: "Mama Salha, voiture haikunywake. Chauffeur njo anaikunywishaka." Yaani gari halina kiu, dereva ndiye anayelinywesha. Ananisema mimi na kumi na tatu yangu.

Siri ya kumi na sita yake ilikuwa point mort. Madereva wa zamani wa hapa wote wanayo. Wakifika juu ya mteremko wanatoa gia, gari linabingirika lenyewe hadi chini, mguu uko kwenye breki. Baba alikuwa akisema kilima umeshakilipia wakati wa kupanda, kushuka ni bure. Nimemgombeza miaka miwili kwa jambo hilo. Breki zinapata moto. Tena magari ya siku hizi, ukishuka ndani ya gia huku umeutoa mguu kwenye mafuta, injini inajikatia mafuta yenyewe. Ukitoa gia ndipo inapokunywa kidogo ili isizimike. Nilimwonyesha maelezo hayo kwenye simu. Akasema simu haijawahi kushuka Busasamana.

Wiki tano zilizopita aliniambia, bila ubishi wowote: "Nimeacha point mort."

Nilifurahi kupita kiasi. Niliandika hapa hapa kwamba baba amesalimu amri, nanyi mkanipongeza. Kwenye daftari, katika safu ya dereva, nikaandika "Baba, bila point mort" na kando yake alama ya vema, kubwa.

Kisha namba zikaanza kushuka. Kumi na nne. Kumi na mbili. Wiki iliyopita kumi na moja, chini hata ya kumi na tatu yangu. Kwa hesabu zangu zilipaswa kupanda.

Nilitafuta kosa kila mahali isipokuwa pale lilipo. Nilijaza kwenye pampu ileile kila mara. Nilipima upepo wa magurudumu. Ninyi mkasema plagi, nikabadilisha plagi. Fundi wangu wa Mbugangari akafungua alichofungua, akafunga, akapangusa mikono. "Madame, moteur iko muzima," akasema. "Sioni kitu." Nikaanza kumfikiria baba vibaya. Zamani akienda Busasamana alirudi kabla ya adhuhuri, siku hizi adhuhuri inamkuta njiani. Nikadhani anakaa huko na wenzake ndani ya gari, injini inanguruma, wanapiga soga. Nalikiri hilo, na naona aibu.

Leo, kwa kuwa sikuwa na kazi, nikamwambia naenda naye.

Tulimwacha Salha shuleni kwanza. Njia yenyewe ni tambarare, lami nzuri, na baba alikaa kwenye gia ya pili mwanzo hadi mwisho. Injini ililia njia nzima. Nikadhani ni tahadhari ya mvua. Kupanda Busasamana hakukuwa na ajabu, kilima kile kila mtu anakipanda kwa ya pili. Tulishusha sare, tukapewa chai, tukaanza kurudi.

Kushuka ndiko kulikoniambia kila kitu. Baba aliingiza ya pili, akaegemea mbele mpaka kofia yake ikakaribia kugusa kioo, akashika usukani kwa mikono miwili. Huyu ni mtu aliyeendesha kwa mkono mmoja maisha yangu yote. Pikipiki zikatupita. Baiskeli zenye magunia ya viazi zikatupita. Mahali fulani kengele ya baiskeli ikalia nyuma yetu, na baba akasimama katikati ya njia akangoja. Baiskeli ilipita upande wake, karibu kabisa na mlango, na yeye alikuwa bado anageuza kichwa kuitafuta.



Tulifika chini, barabara ikanyooka. Nikamwambia, "Baba, weka ya tatu."

"Ya pili inatosha."

Akaenda kidogo hivyo hivyo, kisha akaegesha kando ya mikaratusi na kuzima injini.

"Velo mi naionaka tu kama imeshafika," akasema, akimaanisha baiskeli. "Mutu naye vile vile. Na ya pili, nikifunga breki, gari inasimama palepale."

"Tangu lini?"

"Tangu Idi."

"Kumbe point mort hukuiacha kwa sababu yangu."

"Hapana, binti. Haikuwa juu yako. Ni juu ya macho."

Juu ya, kwa Kiswahili cha hapa, ni kwa sababu ya. Nililielewa neno hilo tangu siku ya kwanza niliporudi kutoka Bukoba, lakini leo nililitafuna muda mrefu. Wiki tano najisifu kwa ushindi ambao haukuwa wangu.

Nikamuuliza, "Na Salha unampelekaje?"

"Polepole," akasema.

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wiki tano mtoto wangu anakaa kiti cha nyuma cha gari linaloendeshwa kwa masikio, na mimi niko nyumbani nabadilisha plagi. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Lakini baba alikuwa bado ameshika usukani wa gari lililozimwa, hakuuachia, na nikaelewa kuwa ananingoja niseme lile ambalo yeye hawezi kujisemea.

Nikasema, "Baba, tubadilishane viti."

Akashuka, akazunguka kwa mbele huku akipapasa boneti.

Sijapata kuendesha vizuri kama leo. Yeye alifumba macho kabisa, akawa anasikiliza. "Bado. Bado. Sasa, changer." Nikichelewa kubadilisha gia kidogo: "Iko inalia, we husikie?" Kabla ya daraja akaniambia nishike kushoto kidogo kuna shimo, na kweli lilikuwepo, limejaa maji, mimi nisingelijua. Ile njia iko yote kichwani mwake. Kinachokosekana ni watu, maana watu hawakai mahali pamoja.

Safari fupi hivyo haipimi kitu, kwa hiyo sikuigawanya, ila sasa najua mafuta yalikuwa yakiishia kwenye gia ya pili. Daftarini nimefuta ile alama ya vema. Yale niliyoandika hapa kuhusu kusalimu amri nayaacha yalivyo, ila myasome pamoja na haya ya leo. Alhamisi tunakwenda kwa daktari wa macho. Yakiwa ya kutibika, kiti chake kinamngoja. Yasipokuwa ya kutibika, sijui nitamwambia nini, naye sidhani kama anajua.

Nilichoogopa zaidi kilikuwa kumweleza Salha. Jioni hii tukiwa mezani nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia. Baba akatoa funguo mfukoni, akaziweka karibu na sahani yangu.

"Kesho mama njo atakuendesha," akamwambia Salha. "Mi nitakaa kando yake, nisikilize moteur."

"Kwa nini, Babu?"

"Juu ya macho," akasema, akaendelea kula.

Salha akamtazama machoni, akayachunguza moja moja, kisha akauliza kama basi kesho yeye atangulie kumfungulia Babu mlango wa gari. Baba akasema ndiyo, itafaa sana. Mimi nikainuka nikaenda kuchukua maji ambayo yalikuwa tayari mezani.

Kesho saa moja kasoro. Ya pili hadi kona ya msikiti, kisha ya tatu mpaka shuleni. Baba ameshanionyesha pa kubadilisha.