Kura Kumi na Tisa Zilizokunjwa na Matandiko ya Meza

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Walburga Hintermayr. Umri: miaka 61. Kazi: muuza nyama buchani. Makazi: kijiji cha Oberlindach, Bavaria. Yamechukuliwa Jumanne tarehe 16 Oktoba, saa 3:15 asubuhi.

Mimi ni karani wa kituo cha kura cha kijijini kwetu, katika jengo la zimamoto. Nimeifanya kazi hiyo kwa hiari tangu mume wangu akiwa hai.

Mnamo Jumapili tarehe 14 Oktoba tulifunga kituo saa 12:00 jioni. Uchaguzi ulikuwa wa bunge la jimbo. Kila mtu hupewa karatasi mbili: ndogo ya mgombea wa eneo, na kubwa kama shuka yenye majina ya wagombea wa kila chama. Chama hupata viti kwa kadiri ya kura zake, na ndani ya chama huingia wale waliochaguliwa zaidi kwa majina. Kwa hiyo hata aliye mkiani mwa orodha anaweza kupanda. Theresia Obermoser, mkunga wetu, chama chake kilimweka wa 31.

Kabla ya kufunga tulikuwa tumekula mkate na nyama, na kwenye meza nilitandika karatasi nyeupe, kama tufanyavyo kila sherehe ya zimamoto. Haradali ilimwagika. Kwa hiyo wakati wa kuhesabu zile karatasi kubwa tulizilaza kifudifudi upande safi wa meza, vidole vyetu vya haradali visichafue alama. Mgongo wake ni mweupe mtupu, sawa na matandiko yale.

Saa 1:40 tulijumlisha. Waliopiga kura 412, karatasi ndogo 412, kubwa 393. Msimamizi, Bwana Griesbeck, alisema, "Bi Walburga, andika zimelingana. Watu wana ng'ombe wa kukamua alfajiri." Nilimwambia kalamu ni yangu. Nikaandika 393. Alininunia, na mimi nikamnunia.

Jumatatu, mnamo saa 1:00 asubuhi, jirani anayetembeza mbwa alimwona mzee Korbinian Stadler, mkuu wa zamani wa zimamoto, akiondoka kwenye pipa la karatasi taka la jengo la zimamoto akiwa na kura ndani ya koti. Akapiga simu polisi. Sishangai. Mzee huyo na chama cha Theresia, cha watetea mazingira, hawapikiki chungu kimoja. Kwenye baa huwaita watu wa kula majani. Na kati ya kura hizo kumi na tisa, kumi na saba zilikuwa na alama kwenye jina la Theresia. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu.

Afande, koti lilikuwa kwa sababu ya mvua. Nilimkuta njiani asubuhi hiyo, ameegemea baiskeli, anazipeleka ofisi ya kijiji; alisema alisikia hesabu haikutimia, ndipo akaenda kulipekua pipa. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza tu, gari la taka lingepita saa mbili na mambo yangeisha. Akasema, "Huyo mkunga simpigii kura hata siku moja. Lakini hizi si zangu mimi kuzitupa."

Sasa naomba liandikwe hili. Aliyeyakusanya matandiko yale kwa haraka ya kusafisha kabla ya kujumlisha, akayakunja pamoja na kura zilizolala juu yake, akampa mzee, aliyekuja kutusaidia kufunga jengo, akatupe, ni mimi. Nililijua hilo tangu jana asubuhi, nikaona aibu, nikafunga mdomo siku nzima huku mzee wa miaka 79 anaitwa mwizi dirishani mwa duka langu. Hilo linaniuma kuliko lolote.

Jana jioni redio ilisema Theresia amekosa kiti kwa kura kumi na moja. Mimi si mtu wa hesabu nyingi, ila kumi na saba nazijua.

Nimesomewa niliyoyasema, ndivyo yalivyokuwa, na nayatilia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) W. Hintermayr

Maelezo ya ofisa: Kura 19 zimekabidhiwa kamati ya uchaguzi kwa hati; jumla sasa ni 412. Namba 393 katika kumbukumbu ya kituo ndiyo iliyothibitisha kwamba kura hizi zilikuwa hazijahesabiwa. Bwana Stadler hatuhumiwi tena. Alikuwa akisubiri kwenye benchi la nje. Shahidi alimwomba radhi mbele yangu. Bwana Stadler alijibu kwamba uchaguzi ujao meza zitandikwe kitambaa chenye maua. Wameondoka pamoja saa 4:20.