Jenerali wa Jeshi Gani?

Mwaka umezunguka, Baba Nick, tangu asubuhi ile ulipolala kitini hapa kwetu Bur Dubai, chai yako ikiwa bado inafuka moshi, na Mama akadhani unasinzia. Alikuita kwa ule utani wenu: "Sir, chai inapoa." Hukumjibu "Ndiyo, madam" kama ilivyokuwa desturi yako. Ndipo akajua.

Bado tunakutafuta humu ndani. Jioni ya kuamkia siku ya mapumziko tunatazamia kuona viatu vyetu vyote vimepangwa mlangoni, vinang'aa. Hata viatu vya walinzi wenzake Mjomba Shem, waliokuwa wakija kutoka Al Quoz kula ugali kwetu, uliviteka nyara wakiwa mezani. "Sir, haifai! Sisi ndio tukupigie wewe rangi," walilalamika. Nawe, kwa Kiswahili chako cha kuungaunga, ukawajibu, "Nyinyi kula. Viatu kazi yangu."

Chapati zako zilikuwa ngumu, Baba Nick. Sasa tunaweza kusema. Shem alizisifu kwamba zinafaa kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Ulimpata Mama akisimamia kifungua kinywa katika hoteli moja kule Dubai Marina. Ulikuwa mjane, umestaafu jeshi la kwenu Uingereza, umekuja kutoa ushauri juu ya mambo ambayo hukutueleza. Ulirudi kila asubuhi kula mayai, na baada ya ndoa ndipo tukagundua kwamba mayai huyapendi kabisa. Na binti yake Mama, Ivy, alipohitimu masomo ya amani kule Nairobi, ulisafiri hadi huko. Ukaona vumbi kwenye viatu vyake, ukapiga magoti kwenye nyasi, ukiwa umevaa suti yako, mbele za watu, ukavifuta kwa leso. Ivy hakuwahi kupigiwa magoti na mtu yeyote. Tangu siku hiyo hakukuita Nick tena. Alikuita Baba Nick.

Kosa lilianza kwenye simu, siku ya kwanza uliyozungumza na Guku, bibi yetu aliyeko Vihiga.

"Mwanangu, wewe unafanya kazi gani?" alikuuliza.

"Mimi ofisa wa jeshi, mama. Mzee. Nimestaafu."

Hukujua, Baba Nick, kwamba kijijini kwa Guku mtu akitaja jeshi hakuna anayewaza bunduki. Jeshi ni Jeshi la Wokovu, kanisa lenye ngoma na matari na bendera. Wachungaji wake ndio maofisa. Wana vyeo vya kapteni, meja na kanali, na mmoja wao akifariki husemwa kwamba amepandishwa cheo kwenda utukufuni. Guku akapaza sauti, "Haleluya!" Nawe, mtu wa adabu, ukaitikia, "Haleluya."

Mama alikuwa kando yako. Alielewa kilichotokea, akanyamaza. Alimjua mama yake. Kaka yake Guku alichukuliwa na Waingereza kwenda vitani zamani za ukoloni, akarudi mzima wa mwili lakini hasemi, akaishi hivyo mpaka kufa. Guku hataki bunduki. Hata ile ya plastiki ya mtoto wa jirani aliitumbukiza chooni.

Ulipokwenda kumtembelea, kanisa zima lilikuja kukulaki kwa matarumbeta. Wenzetu wa Jeshi la Wokovu hupiga saluti kwa kuinua kidole kimoja kuelekea mbinguni. Wewe ukasimama wima kama mlingoti, ukapiga ile ya kwenu, kiganja kizima kwenye paji la uso. Watu wakaguna.

"Mmeona?" akasema mama mmoja. "Sisi kidole, yeye mkono mzima. Huyo ana imani!"

Usiku ule Guku alikuta viatu vyake vya kanisani vimepigwa rangi. Alisimulia jambo hilo mwezi mzima.

Je, ulijua wanakufikiria nani? Ivy amejiuliza hilo mwaka mzima.

Kisha ikaja ibada ya mazishi yako. Guku alikuwa akitazama kwa simu, na Shem ndiye aliyemtafsiria. Mzee mmoja wa Kiingereza, uliyetumika naye jeshini ujanani, alisimama na fimbo yake akaeleza maisha yako. Alisema ulizaliwa katika mji wa mvua nyingi, mtoto wa mwoka mikate, ukajiunga na jeshi kabla hujaota ndevu. Ukiwa kapteni uliingia mara tatu ndani ya jengo lililokuwa likipigwa risasi, ukawatoa vijana wako mgongoni. Kwa hilo ulivalishwa nishani. Tuliiona kwa mara ya kwanza siku hiyo, juu ya jeneza. Mzee akamalizia kwamba ulipita katikati ya damu na moto.

"Amepita katikati ya damu na moto," Shem akatafsiri.

Damu na Moto ndiyo maneno yaliyoandikwa kwenye bendera ya Jeshi la Wokovu. Simu ikalipuka, "Haleluya! Damu na Moto!" mpaka watu wakageuka.

"Shem, umefanya nini?" Mama akamnong'oneza.

"Nimetafsiri neno kwa neno, dada. Kosa langu liko wapi?"

Baada ya mazishi Ivy alimfuata yule mzee mahali pa kahawa. Alitaka kusikia zaidi juu ya ujasiri wako. Mzee akamweleza kwamba baadaye, ukiwa umefika ujenerali, ulitoa amri mji fulani upigwe mizinga, na vita vikaisha upesi. Kwa hilo pia ulivalishwa nishani.

"Kwenye nyumba kulikuwa na watu?" Ivy akauliza.

Mzee akatazama kahawa yake. "Nyumba huwa na watu, binti."

Tangu hapo Ivy anakulilia na kukuuliza maswali kwa pumzi moja. Mikono iliyofuta viatu vyake ndiyo iliyotia saini amri ile. Akikupenda anahisi anawasaliti watu wa mji ule. Akikukasirikia anaiona ile leso. Alisomea amani, akapata alama nzuri, na hakuna somo lililomfundisha aziweke wapi picha hizi mbili.

Mwezi uliopita Guku akapiga simu. Anaandaa ibada ya kumbukumbu yako kanisani, na tangazo hili tunalokuandikia litasomwa mbele ya watu. "Ivy wangu, andika vizuri. Usisahau cheo chake. Alikuwa nani, meja?"

Hapo ndipo tulipokwama. Meja wako wengi, wa huku na wa kule. Lakini jenerali katika Jeshi la Wokovu ni mmoja tu dunia nzima, na kila muumini anamjua kwa jina. Tukiandika Jenerali, Guku ataumbuka mbele ya kanisa lake.

"Andika Meja," Mama alisema. "Si aliwahi kuwa meja? Si uongo."

"Mama, hivyo ndivyo tulivyofika hapa," Ivy akajibu.

Akampigia Guku, akamwambia yote.

"La bunduki?" Guku akauliza.

"La bunduki, Guku."

"Aliua watu?"

"Alitoa amri. Watu walikufa."

"Na viatu vyangu alivipiga rangi," Guku akasema taratibu, kisha simu ikakatika. Siku zilizofuata hakupokea. Mama hakula vizuri, na Ivy alijiona kama amekuua wewe mara ya pili.

Jumapili akapiga mwenyewe.

"Andika ukweli. Bendera ya kanisa sitaipeperusha, na bendi haitapiga. Nitamwimbia mwenyewe, kwa sauti yangu. Kuhusu ule mji, mjukuu wangu, usijitese. Swali hilo si lako. Siku nikipandishwa nitamuuliza uso kwa uso. Na asije akajifanya hajui Kiswahili."

"Ajitayarishe," Shem akasema. "Mimi sitakuwapo kutafsiri."

Tulicheka, Baba Nick, halafu Mama akalia.

Kwa hiyo tunaandika: Nick Ravensby, Jenerali Mstaafu wa Jeshi la Uingereza. Unakumbukwa na mkeo Peninah, binti yako Ivy, shemeji yako Shem, mama mkwe wako wa Vihiga, na walinzi wote wa Al Quoz uliowapigia viatu rangi.

Daima tutakukumbuka, hata pale tusipokuelewa.