Ukurasa Uliofungiwa Mahamri

Ikhlas,

Kambare umkaange wewe, na kuku wasiingie kwenye mpunga. Baba yako ~~asimwonje~~ mpe mkia.

Leo niliandika ukurasa wangu wa riwaya kabla ya kuwasha moto, kama nilivyojiapia. Kwenda mtoni kuteka maji na kurudi, ukurasa ndio aliofungia babako mahamri aliyomuuzia Abdulmalik mvushaji. Eti karatasi ni karatasi.

Mara Abdulmalik huyo karudi nao, umelowa mafuta, anauliza kama yule bi harusi mtoro wa riwaya yangu alivuka mto. Hata mimi sijui. Nimekwenda shamba nikafikirie.

Nimerudi kuongeza hili: nilipotoka, Bwana Karatasi-ni-karatasi alikuwa kanifuata hadi mlangoni. Aliniuliza polepole, “Lakini atavuka, sivyo?”

Basi mpe na kichwa.

Mamako