Pasipoti Iliyo Kabatini Mwangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijalowesha vitambaa vya wateja kwa machozi. Mimi ni fundi cherehani, mjane, mwanakwaya, na tangu mwaka jana naishi na binti tunayemwita Kicheko, ambaye akina mama wa kanisa letu walisaidia kumtoa kwenye nyumba alikodanganywa kuna kazi, kumbe akafungiwa ndani miaka miwili, na kwa kweli tangu aje kwangu nyumba imechangamka, anaimba sauti ya pili huku akishona vifungo, ananitania kwamba nakoroma kuliko cherehani, nami namshukuru Mungu kila siku. Sasa amepata kazi kwenye duka la mikate na chumba mtaa wa pili, na juzi akaniambia, "Mama, naomba pasipoti yangu," maana polisi walipoirudisha niliiweka kabatini chini ya mashuka isije ikapotea, na ufunguo wa mlango wa nyumba ni mmoja tu, ninao mimi, basi nikaumia, nikamwuliza, "Unakimbilia wapi? Hapa umekosa nini?" Pasipoti sikumpa. Asubuhi akaja kuniomba ruhusa ya kwenda kuoga, kama ile wiki ya kwanza, na tangu hapo haimbi. Nimekosea wapi, mimi niliyempenda kama wa kumzaa?

Mama Cherehani

Mama Cherehani, pole, tena hongera, maana binti anayethubutu kudai chake ameanza kupona, na hiyo ni kazi ya mikono yako. Lakini loo, mama! Hata yule aliyemfungia bila shaka alisema anamtunzia pasipoti. Upendo unao tele, ila umeutia kufuli. Kanisa halikumtoa kifungoni ili apate kifungo kingine chenye mapazia ya maua.

Leo, kabla hujaketi kwenye cherehani, mpe pasipoti mkononi. Mwambie, "Nisamehe mwanangu, hii ni yako," kisha unyamaze. Usihubiri, usilie kiasi cha yeye kuanza kukubembeleza, na usimuage mbele ya kwaya nzima. Akikubali, nendeni pamoja mkakione hicho chumba na huyo mwenye duka, halafu umsaidie kubeba godoro.

Ukitoka hapo, pitia kwa fundi wa funguo ukamchongeshee ufunguo wa nyumba yako. Mtoto wa nyumbani haombi ruhusa ya kuoga. Jumapili mwalike chakula; baada ya ibada pika, keti mezani, na ukisikia hatua zake nje, tulia hapo hapo. Usikimbilie kumfungulia. Ufunguo anao.