Difu ya Marehemu Shemeji Yako

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na natumaini goti lako limepoa na shemeji ameacha kukugombeza kwa kupanda ngazi ovyo. Nisalimie watoto wote, hata yule mkubwa anayejifanya hana habari na mama zake wadogo. Huku mama mkwe hajambo. Kifua kimetulia na ulimi umerudi kazini.

Unalikumbuka pikapu la marehemu mume wangu. Aliifungua difu, ile gia ya nyuma inayozungusha magurudumu, aisafishe, akaviosha vyuma vyote kwa dizeli, akavipanga kwenye beseni, akasema atavirudishia Jumamosi. Jumamosi haikumkuta. Tangu msiba gari lilikaa juu ya mawe uani, na beseni chini ya kitanda changu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja, nikawafukuza. Mama mkwe naye kila akienda kuanika nguo alizunguka mbali, macho kando, asilione.

Mwishowe nilichoka. Nilimwita Taratibu, yule fundi rafiki wa marehemu, aliyefiwa na mkewe wewe ukiwa bado huku. Nilimwambia sitaki anifungie difu, nataka anielekeze niifunge mwenyewe. Hakucheka. Aliniambia tu nivue bangili.

Dada, kazi ile si ya mchezo. Kuna gia kubwa ya duara, wanaiita krauni, na ndogo inayoizungusha, pinioni. Zikibanana mno zinaungua, zikiachana mno zinalia njia nzima. Tulipaka rangi kwenye meno, tukazungusha kwa mkono, tukatazama yanang'atana wapi. Hayakuturidhisha. Tukafungua, tukaongeza washa, kipete cha chuma chembamba kama ganda la kitunguu, tukarudia. Tulizungumza vyuma tu, kutwa, na sikumbuki lini moyo wangu ulipumzika namna ile.

Tulipomaliza, majirani walijaa getini. Nilishika usukani, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likaenda nyuma! Kwa hofu nikakanyaga mafuta badala ya breki, likabeba kamba ya nguo na mashuka ya mama mkwe yote. Taratibu alijishika kichwa. Kumbe krauni tuliiweka upande usio wake. "Shemeji," akaniambia, "sasa tuna gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele."

Mama mkwe akatoka na mwiko mkononi. Nikajua leo nimekwisha. Alilitazama gari lililojifunika shuka, akauliza tunasafiri kwenda wapi kinyumenyume, kisha akaketi kizingitini akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Nikaenda nikalia naye. Halafu akalitazama gari tena, akaangua kicheko upya. Tangu amzike mwanawe sikuwa nimeyaona meno yake. Ni yeye aliyetuamuru tuifungue difu upya papo hapo, na tochi akashika mwenyewe, akimulika kila mahali isipokuwa tulipopahitaji.

Siku hizi gari linakwenda mbele, na difu iko kimya kabisa. Nampeleka mama mkwe kliniki ameketi mbele kama waziri.

Sasa nikwambie hasa kilichonishikisha kalamu. Mimi na Taratibu tunataka kuoana. Usimlaumu, mimi ndiye niliyemtamkia, yeye alidondosha spana. Kumwambia mama mkwe ndiko kulikonitoa jasho. Nilimfuata jikoni, nikapiga magoti, nikaanza kujiumauma. Alinikatiza: "Mimi nilimzika mwanangu. Wewe sikukuzika." Akaendelea kumenya viazi. Baadaye akaongeza kwamba huyo bwana atahamia hapa hapa, kwani mtoto wa kike aliyebaki naye hamtoi nje ya nyumba hii.

Wazazi wetu hawapo, dada. Baba na mama yangu ni wewe. Nataka nisikie kutoka kwako kwamba sijakosea. Na hata kama una la kunikaripia, njoo unikaripie ana kwa ana, kisha usimame upande wangu siku ya ndoa.

Mpe shemeji salamu zangu, na mama mkwe anakusalimu kwa kelele kutoka uani.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba