Shikamoo ya Kila Asubuhi

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu nyingi kutoka Junda. Hatujambo, ila mguu wa babuyo bado wamsumbua. Wasema kompyuta za kazini zimetiwa programu mpya, hujui hata pa kubonyeza, na wauliza kama mimi yalinikuta.

Yalinikuta, miaka ya tisini, ofisini Bamburi. Amri zote za kompyuta nilizokuwa nimezihifadhi kichwani hazikufaa tena. Ikawa ni vijipicha na kipanya. Msichana wa bara akaja kunielekeza, akanishika mkono juu ya kipanya bila kuniamkia. Nikamfokea mbele za watu, "Shikamoo yako i wapi?"

"Shikamoo," akajibu, machozi yakimlenga.

Kipanya kilinishinda mpaka nikaacha kazi. Shikamoo yangu niliipata kila asubuhi, Rukia, lakini msichana yule kando yangu hakuketi tena kunielekeza.

Bibi yako,
Mwanaisha