Mzee wa Jalada la Kijani

Same, 14 Mei 1983

Kwa mwanyumba Aminieli,

Pokea salamu zangu na za Hedwiga. Sisi wazima, ila sabuni hatujaiona tangu Pasaka. Natumaini wewe na mdogo wake, Dorkas, hamjambo huko Ugweno.

Magunia aliyokuletea Sadock wa lori ni mahindi juu tu. Chini ni santuri zangu arobaini, zile nilizoachiwa na meneja wa mkonge alipofungasha kurudi kwao. Huku wanapekua nyumba kutafuta wahujumu uchumi, na kila kitu kinadaiwa risiti. Jirani yangu Omari ametupa redio chooni, ikiwa bado inasoma habari. Mimi gramafoni yangu nimeifukia nyuma ya banda. Sidhani kama itafufuka. Lakini kufukia jazi siwezi.

Najua unayo gramafoni ya betri. Nimekuletea uhifadhi, si uchezeshe. Za jazi, moja Jumapili, sawa. Za soli na fanki, zile za dansi, usiguse.

Mwanyumba wako,
Sebastiani

Ugweno, 9 Julai 1983

Mwanyumba Sebastiani,

Za huko bondeni? Sisi tupo, baridi inatuuma tu.

Mahindi tumekula, asante. Santuri nimeziweka chumbani, mbali na moshi. Nilianza na jazi kama ulivyoagiza, kisha nikaona zile nyingine zitapata ukungu zisipozungushwa. Hilo nimeligundua mwenyewe, sikusoma popote.

Betri hakuna, hata mjini Mwanga. Hizi zangu ni za mwaka juzi. Nazianika juu ya bati mchana kutwa, jioni zinajikongoja kwa wimbo mmoja. Basi huo mmoja nimeuchagua: jalada la kijani, lenye picha ya kiatu. Nani yule mzee? Anaimba taratibu, sauti nzito kama iko mtungini, anaomba kitu na anajua hapewi. Dorkas amesema huyu kafiwa. Majirani wanakuja, wanasikiliza, wanaondoka bila kuaga.

Mwanyumba wako,
Aminieli

Same, 2 Agosti 1983

Mwanyumba,

Hedwiga anakohoa kidogo. Mimi sijambo, isipokuwa barua yako.

Kwenye jalada la kijani hakuna mzee. Ni binti, sauti nyembamba, na matarumbeta yanamkimbiza nyuma kama kuku wa sikukuu. Klabuni pale mkonge tuliucheza mpaka vumbi likapanda kiunoni. Santuri hiyo ninayo mwaka wa nane. Binti namjua hata anapovuta pumzi.

Huyo mzee umempata wapi? Kama una santuri yako unayonificha, sema. Na kama ni yako, kwa nini inakaa kwenye jalada langu?

Sebastiani

Ugweno, 20 Februari 1984

Mwanyumba,

Ni matumaini yangu hasira imepoa. Dorkas amejifungua salama, mtoto wa kiume. Hedwiga ametufaa sana tangu aje. Tunaomba akae tena kidogo.

Mzee yupo. Naapa mbele ya mtoto huyu. Hedwiga anamsikiliza kila jioni akimbembeleza mtoto. Anasema Kiingereza hajui, ila mtu aliyeachwa anamjua. Akirudi muulize.

Aminieli

Same, 5 Aprili 1984

Mwanyumba,

Sisi wazima.

Mliomba wiki mbili, amekaa saba. Amerudi, na akipepeta mchele anamwimba mzee wako. Miaka tisa ya ndoa hajaimba santuri yangu hata moja. Nilipokuwa nikimchezea yule binti aliniambia, "Baba Erasmo, punguza, maharage yanaungua." Jana nimemwuliza huyo mzee yukoje. Akasema, "Ungemsikia ungenyamaza."

Ninyamaze, nyumbani kwangu, kwa santuri yangu, niliyokuletea kwa gunia langu.

Usiniandikie tena. Nikizitaka nitamtuma Sadock.

Sebastiani

Ugweno, 11 Novemba 1987

Mwanyumba,

Miaka mitatu na nusu. Natumaini mnaendelea vizuri. Mtoto anapiga mbio sasa.

Sadock ameniambia una gramafoni mpya ya umeme, kwa kuwa siku hizi kila kitu ruksa. Amebeba santuri zote arobaini. Moja ina mkwaruzo. Ni mtoto, si mimi. Ya jalada la kijani nimeifunga peke yake. Sikukuficha kitu, mwanyumba. Majirani wananiuliza mzee amekwenda wapi. Nimewaambia amehamia Same.

Aminieli

Same, 29 Novemba 1987

Mwanyumba Aminieli,

Salamu nyingi kwako, kwa Dorkas na kwa mtoto mwenye mkwaruzo wake.

Zimefika. Niliweka ya kijani kwanza. Akatoka binti wangu na matarumbeta yake yote. Nikamwita Hedwiga: "Haya, mzee yuko wapi?" Akasikiliza akiwa amesimama, mikono ina unga. Akasema, "Siyo hii," akarudi jikoni.

Nilifurahi kwa muda wa wimbo mmoja. Nikaucheza tena, na mara hii nikagusa ukingo wa santuri kwa kidole, kidogo tu, izunguke polepole kama kwa betri iliyochoka. Binti akashuka, akashuka, akawa mzee. Hedwiga akatoka jikoni mbio.

Kwa hiyo hukunidanganya. Ni betri zako. Nimekukasirikia bure, nisamehe kwa hilo. Kwa lingine bado sijakusamehe: nilikaa na wimbo huu miaka minane nikirusha vumbi, wewe ukaupata ukiwa mbovu, na ukausikia kuliko mimi.

Kidole changu hakifai. Kinatetemeka, mzee anayumba kama mlevi, Hedwiga anasema namkosea adabu. Anataka aje kwako, na ninapoandika anaifunga santuri kwenye kanga. Mimi pia nakuja, tutafika Jumamosi. Betri mpya zimejaa madukani siku hizi, usinunue.

Viti panga mapema. Changu kiwe karibu na gramafoni kuliko chake, na chako kiwe nyuma yetu sote.

Mwanyumba wako,
Sebastiani